Ng'ombe wapo, ardhi ipo, mbona benki inawafilisi?

Swali: «Ndugu mtaalamu, naishi Abilene, Texas, tangu tulipohamishwa kutoka kambi ya Nyarugusu. Juzi kijana wangu alituwekea filamu ya Hell or High Water. Ndugu wawili wanaiba benki ili kuiokoa ranchi ya marehemu mama yao. Mzee mmoja tunayesali naye, mfugaji, akaniambia hayo ndiyo maisha yao. Mimi nimezaliwa Minembwe katika ukoo wa wafugaji na jambo hili halijaniingia akilini. Mtu ana ardhi na ng'ombe, anawezaje kunyang'anywa kila kitu kwa deni ambalo angeuza madume machache akalimaliza? Ni kweli au ni mambo ya sinema? La pili, mzee huyohuyo anataka kuniuzia ekari 20 za malisho, lakini amesema wazi kwamba mafuta yaliyo chini hayamo katika mauzo. Kwetu mali ya chini ya ardhi ni ya serikali. Huyu mzee ni mkweli au ananizunguka?»

Jibu: Mzee wako hakuzunguki. Muuzaji anayekutajia mafuta kabla hujatoa hata senti ni muungwana. Wa kuogopwa ni yule anayenyamaza. Nitazirudia ekari zako, ila kwanza tuielewe filamu, maana ukichunguza utaona maswali yako mawili ni swali moja.

Nadhani kinachokusumbua ni hesabu. Kwa mfugaji wa Minembwe ng'ombe ndio mali, na ardhi ni mahali pa kuilishia hiyo mali. Shida ikija unauza dume, unalipa, maisha yanaendelea. Texas Magharibi mambo yamepinduka. Mali ni ardhi, na ng'ombe wapo ili ardhi ijilipie gharama zake, kazi ambayo mara nyingi inawashinda. Nchi ile ni kavu. Sehemu nyingi ng'ombe mmoja na ndama wake wanahitaji ekari 20 au zaidi ili wale mwaka mzima bila kuua nyasi. Kwa hiyo mwenye ekari 600, ambaye kwenu mngemwita tajiri, anafuga majike 30 hivi. Kwa mwaka mzuri atapata ndama labda 25, abakize mitamba michache ya kuchukua nafasi ya majike yaliyozeeka, wengine awapeleke mnadani. Humo atoe majani makavu ya msimu wa baridi, dawa, seng'enge, dizeli, kodi ya ardhi na riba. Na hao madume machache unaowasema? Kundi la majike 30 lina dume mmoja au wawili. Ukiwauza umefunga kazi.

Bei nayo haipangi yeye. Ndama hununuliwa, hupelekwa kunenepeshwa kwenye mazizi makubwa ya kaskazini mwa Texas, kisha huingia machinjioni, na huko kampuni nne tu huchinja takriban asilimia 85 ya ng'ombe walionenepeshwa wa Marekani nzima. Mwenye ndama anapokea anachopewa.

Sasa ondoa mvua. Mwaka 2011 Texas ilipata ukame wa mwaka mmoja mbaya kuliko wote uliowahi kupimwa huko, na hasara ya kilimo na ufugaji ikapita dola bilioni 7. Watu waliuza majike. Ukiuza jike umeuza na ndama wake wa miaka ijayo, tena unamuuza wakati kila jirani anauza, kwa hiyo unamuuza kwa hasara. Mvua ikirudi hauna cha kuzaa, na bei ya kununua jike imepanda. Hapo ndipo mtu anapokwenda benki akiwa na hati mkononi. Hajawa mlevi wala mvivu.

Filamu ilitoka mwaka 2016 na imebeba hewa ya miaka hiyo. Aliyeiandika, Taylor Sheridan, alikulia kwenye ranchi ya familia huko Cranfills Gap, Texas, ambayo baadaye waliipoteza. Irudie sehemu ya moto. Askari wawili wa jimbo wanaowasaka wale ndugu wamesimamisha gari kwa sababu wachunga wanavusha kundi barabarani, moshi umetanda nyuma, wanakimbilia mtoni. Mchunga mmoja aliye juu ya farasi analalamika kwamba karne ya 21 bado anakimbizana na moto na ng'ombe wake, ndiyo maana watoto wake hawaitaki kazi hii. Huyo mchunga ni Sheridan mwenyewe. Askari mmoja anauliza kama wapige simu kuomba msaada. Mwenzake anamwambia hapa hakuna wa kupigiwa. Ukidhani wametia chumvi, kumbuka Februari 2024, moto ulioitwa Smokehouse Creek ulipoteketeza zaidi ya ekari milioni moja kaskazini mwa jimbo na kuua maelfu ya ng'ombe. Mimi nikiulizwa ni dakika zipi za filamu hii zinazofanana zaidi na maisha ya ranchi, nitazitaja hizo, wala si za bunduki.

Mandhari, kwa upande mwingine, si ya Texas. Hadithi inataja Archer City, Olney na Post, miji ya kweli ya Texas isiyo mbali sana na kwako, lakini ilipigwa New Mexico, pande za Clovis, Portales na Tucumcari, jimbo linalowavutia watengenezaji wa filamu kwa nafuu ya kodi. Usimlaumu mtu. Nyanda ni zilezile, mpaka uko kwenye ramani tu.

Mzee wako akisema «maisha yetu», muulize kwa upole wazee wake walifika lini. Jibu halitazidi sana miaka 150. Mpaka miaka ya 1870 nchi ile ilikuwa ya Wakomanchi, wapanda farasi waliotawala nyanda za kusini, na Wahispania waliiita Comanchería. Filamu yenyewe iliandikwa kwanza kwa jina hilo. Tarehe 28 Septemba 1874, Kanali Ranald Mackenzie aliteremsha jeshi katika korongo la Palo Duro, akachoma kambi na akiba ya chakula ya msimu wa baridi, kisha akaamuru farasi zaidi ya 1,000 wapigwe risasi. Walioponea walibaki kwa miguu, bila chakula. Mwaka uliofuata kundi la mwisho, chini ya Quanah Parker, lilijisalimisha. Na mwaka 1876, miaka miwili tu baada ya risasi zile, Charles Goodnight aliswaga ng'ombe wake akawaingiza kwenye korongo lilelile.

Ndiyo maana yule askari mwenye damu ya Kikomanchi amepewa jina la Parker. Wameketi na mkubwa wake wakiichungulia benki ng'ambo ya barabara, naye anamweleza kwamba nchi hii yote ilikuwa ya wazee wake mpaka wazee wa hawa wazungu walipoichukua, na sasa wazungu nao wananyang'anywa, safari hii bila jeshi. Anaionyesha benki. Watu wengi hudhani filamu inawalilia wafugaji. Kwangu mimi ufunguo wake uko hapo: ardhi ile imekuwa ikitoka mkono mmoja kwenda mwingine, na anayenyang'anywa leo ni mjukuu wa aliyenyang'anya jana.

Benki nayo haikuja jana. Ranchi za Texas zilisimama kwa fedha za watu wa mbali tangu mwanzo. Goodnight aliingia ubia na John Adair, tajiri kutoka Ireland, mwaka 1877, ndipo ikapatikana ranchi ya JA. Jimbo lilipotaka jengo jipya la bunge huko Austin na halina fedha, liliwalipa wajenzi ekari milioni tatu za nyasi. Hiyo ndiyo ranchi ya XIT, iliyoendeshwa kwa mitaji ya Chicago na London. Ranchi ya Matador ilinunuliwa mwaka 1882 na kampuni ya Dundee, Uskoti. Mwongozaji wa filamu, David Mackenzie, ni Mskoti pia, kwa hiyo unaweza kusema ametanguliwa na fedha za kwao. (Hana uhusiano na yule kanali, majina yamegongana tu.) Seng'enge iliyopewa hataza mwaka 1874, reli, na pampu za upepo za kuvuta maji vilifanya mambo mengine. Malisho ya wazi yalikatwa vipande, na kila kipande kikawa na hati inayoweza kuwekwa rehani.

Kuna watu filamu imewasahau, nami sitaki uwasahau. Wachunga wengi wa enzi ile walikuwa Wameksiko na Weusi. Wanahistoria wengi hukadiria Weusi kuwa kama robo. Bose Ikard, aliyezaliwa utumwani, aliswaga ng'ombe na Goodnight kwenye njia ndefu za New Mexico na Colorado na ndiye aliyekabidhiwa fedha za msafara. Alipofariki mwaka 1929 Goodnight alimwekea jiwe kaburini. Kaburi liko Weatherford, unaipita ukienda Fort Worth.

Turudi kwenye deni. Mama wa wale ndugu wawili alikuwa amechukua rehani maalumu ya wazee, ambayo Marekani huanzia umri wa miaka 62. Katika rehani ya kawaida unalipa kila mwezi na deni linapungua. Katika hii hulipi kitu kila mwezi. Benki inakupa fedha kwa kuishikilia nyumba yako, na deni linakua kimyakimya, riba juu ya riba. Ukifa, au ukihama moja kwa moja, linadaiwa lote kwa mkupuo. Tena ukiwa hai lazima uendelee kulipa kodi ya ardhi na bima. Ukishindwa, wanaweza kukudai hata kabla hujazikwa. Katika filamu kulikuwa na kodi isiyolipwa pia, na wakili wa familia analalamika kwamba benki ilimkopesha mama fedha kidogo mno, za kumbakiza maskini tu, huku ikiitazama ardhi. Texas iliukataa mkopo huu kwa muda mrefu, mpaka katiba ya jimbo iliporekebishwa mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa sababu sheria za jimbo zimekuwa zikiyalinda makazi ya familia dhidi ya wadai tangu karne ya 19.

Kuna chumvi kidogo hapa. Kwa mikopo ya aina hii inayodhaminiwa na serikali kuu, warithi hawafukuzwi wiki ileile. Hupewa notisi, kisha kwa kawaida huwa na takriban miezi sita, inayoweza kuongezwa, ili walipe, wauze au waiachie benki. Na deni halimfuati mtoto kwenye mshahara wake. Mwisho wake ni thamani ya nyumba. Wanaopoteza ni wale wasiofungua barua, au wasioelewana kati yao. Ukiona mzee yeyote wa kanisani kwenu anataka kuchukua mkopo huu, mwambie asimalize bila watoto wake kuwepo mezani. Sheria yenyewe inamtaka azungumze kwanza na mshauri asiye wa benki, na mazungumzo hayo yasiwe ya kutia sahihi tu.

Sasa mafuta. Kwenu Congo sheria ya Bakajika ya mwaka 1966 ilirudisha ardhi na vilivyo chini yake kwa serikali, na Kenya na Tanzania nako madini hayafuati hati ya shamba. Texas ni kinyume kabisa. Wafalme wa Hispania walijiwekea madini kama huko kwenu, lakini katiba ya Texas ya mwaka 1866 ikawaachia wenye ardhi. Matokeo yake ardhi moja inaweza kuwa na wenyewe wawili: mwenye uso, yaani ardhi ya juu, na mwenye vilivyo chini. Babu anaweza kuuza malisho akabaki na mafuta, akawarithisha wajukuu kumi waliotawanyika California na Florida. Na kwa sheria za Texas mwenye chini ndiye mwenye nguvu. Ana haki ya kuutumia uso kwa kiasi kinachohitajika kuyafikia mafuta yake: barabara, uwanja wa mtambo, bomba, hata katikati ya malisho yako. Mrabaha, yaani fungu la mwenye mafuta kutoka kwa kampuni inayochimba, ulizoeleka kuwa sehemu moja ya nane, na siku hizi wengi hupata moja ya tano au robo. Mwenye uso peke yake hapati mrabaha hata tone.

Ukijua hilo, mwisho wa filamu unaeleweka. Familia ile ilikuwa imebaki na vyote viwili. Mafuta yakagunduliwa chini ya ranchi ya mama maskini, na visima vikianza kutoa, mwezi mmoja unaingiza zaidi ya fedha zote walizoiba. Toby, mmoja wa wale ndugu, anaiweka ranchi katika amana, yaani mali inayosimamiwa na mwingine kwa faida ya warithi, kwa jina la wanawe, kisha anawapa usimamizi wa amana hiyo benki ileile waliyoiibia. Benki ikishaonja ada za usimamizi, haina hamu tena ya kuwasaidia askari. Nimeangalia filamu nyingi za bunduki na farasi, sijaona kisasi cha makaratasi kilichopangwa vizuri kama hicho.

Lakini hapo ndipo inapochechemea pia. Kampuni ya mafuta ikiitaka ardhi yako, hukulipa fedha ya mkataba kabla haijachimba hata futi moja, na kwa mafuta mengi kiasi kile fedha hiyo pekee huenda ingelifuta deni. Hata bila hiyo, benki nyingine ya pili ingewakopesha asubuhi hiyohiyo. Na familia fukara kuwa bado na haki zote za chini ni jambo adimu, kwa sababu haki hizo huwa za kwanza kuuzwa njaa ikipiga. Hadithi ya kweli inayofanana nayo ni ya ranchi ya Waggoner, karibu na Vernon. Mwanzoni mwa karne ya 20 walichimba kutafuta maji ya ng'ombe, wakakuta mafuta, na inasimuliwa kwamba W. T. Waggoner alikasirika kwa sababu ng'ombe hawanywi mafuta. Zaidi ya ekari 500,000 zile ziliuzwa mwaka 2016, mwaka uleule wa filamu, baada ya warithi kuburuzana mahakamani miaka mingi. Matajiri nao hufika hukohuko.

Haya, ekari zako. Kwanza jiulize unazitaka za nini. Kwa hesabu niliyokupa juu, ekari 20 pale Abilene ni ng'ombe mmoja na ndama wake, labda wawili mwaka wa mvua. Kama moyo wako unataka kundi, hazitakutosha, na ungefanya vizuri zaidi kukodi malisho ya mzee kwa mwaka ukaona kwanza. Mbuzi ni hesabu nyingine: nafasi ya ng'ombe mmoja huchukua mbuzi watano au sita, na nyama yake ina wateja, hasa miongoni mwetu wahamiaji. Ila uzio wa mbuzi ni ghali kuliko wa ng'ombe, na mbwamwitu wadogo wa huko hawana huruma. Kama unataka tu mahali ambapo watoto watajua harufu ya zizi, ekari 20 zinatosha sana.

Kununua uso bila mafuta ni jambo la kawaida Texas Magharibi na wala halikuzuii kufuga. Kinachotakiwa ni kujua nani anayamiliki, na kama aliwahi kuahidi kwa maandishi kutougusa uso au kuchimba pembeni tu. Muulize mzee: mafuta ni yako, au yaliondoka zamani? Kama ni yake, mwombe aiweke ahadi hiyo ndani ya hati ya mauzo. Mtu wa kusali nawe anaweza kukubali. Warithi wake hawatajisikia kufungwa na maneno ya kanisani. Ulizia na maji ya chini, kwa sababu huko nayo huweza kutenganishwa na ardhi. Ulizia pia kama ardhi inatozwa kodi kwa kiwango nafuu cha kilimo, na nini kitatokea kwenye kodi ukiacha kufuga.

Hapa mimi wa mbali nafika mwisho wa msaada wangu. Rekodi za umiliki ziko kwa karani wa kaunti, na kampuni ya hati, inayochunguza umiliki na kuukatia bima, itakuchunguzia mwenye uso, lakini bima yake mara nyingi huyaacha mafuta nje, kwa hiyo lipa wakili wa ardhi anayejua habari za mafuta asome hati zote. Nenda naye na mkalimani kama Kiingereza cha sheria kinakuchosha; ofisi iliyowapokea mlipofika inaweza kukutafutia. Kwa nyasi na mifugo, ofisi ya ugani ya Texas A&M AgriLife iko karibu kila kaunti, na mtu wao anaweza kuja kuitazama ardhi kabla hujanunua. Ukipata siku, wapeleke watoto Lubbock kwenye makumbusho ya National Ranching Heritage Center, wameyahamishia pale majengo ya ranchi za zamani na pampu za upepo zilizokuwa zikinywesha ng'ombe.

Kitu kimoja usikikubali hata kwa mtu unayempenda: mkataba wa kulipa kidogokidogo ambao hati unapewa malipo yote yakiisha. Ukikwama mwezi mmoja au mzee akifariki katikati, unaweza kujikuta huna ardhi wala fedha. Kama huna bei yote, nunua ekari kumi, au kodi. Na usitoe malipo ya awali kabla wakili hajakuandikia kwa karatasi nani mwenye chini.